Pikapu Kuukuu Inayovuta Upande: Kutengeneza Breki na Usukani kwa Mkono Wako Mwenyewe

Pikapu ya zamani ikianza kuvuta upande, wengi hukimbilia kununua tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fito inayogeuza gurudumu). Wanafunga mpya, wanatoka barabarani, na gari linavuta vilevile, kumbe pistoni ya breki ndiyo iliyokwama. Wapo pia waliobadilisha pedi mara mbili wakati boli jointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake) ilikuwa imelegea tangu mwanzo. Breki na usukani wa gari la zamani huazimana dalili. Kwa hiyo mimi huvikagua pamoja, gurudumu likiwa limetoka, na sinunui kipuri mpaka nimekigusa kwa mkono kile kilichoharibika.

Maelezo haya ni ya pikapu ya muundo uliozoeleka: diski mbele, dramu nyuma, na boksi ya stelingi inayosukuma mikono na fito hadi kwenye magurudumu. Kama yako ina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki), kazi nyingi ni zilezile, ila kutoa upepo ndani ya kifaa chenyewe cha ABS kunaweza kuhitaji kompyuta ya gereji. Na utafute kitabu cha matengenezo cha modeli yako, maana vipimo vya kukaza boliti havikisiwi.

Anza na pedali

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo yenyewe, busta (chombo kinachoongezea mguu wako nguvu) ni nzima. Isiposhuka, kagua bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye busta: huenda limepasuka, au vali yake ya kuzuia hewa kurudi imekufa.

Sasa kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie kwa nusu dakika. Pedali inayobonyea kama sifongo ina upepo ndani. Inayozama polepole kuelekea sakafuni ina mvujo mahali fulani, na ukitafuta kote nje usione hata tone, basi sili za ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) zimechoka. Kuna dalili moja inayowapotosha watu: pedali inazama sana mara ya kwanza, lakini ukiirudia haraka mara mbili inapanda na kuwa ngumu. Hapo wengi hushinda kutwa wakitoa upepo. Mara nyingi dawa ni kubana dramu za nyuma, kazi ya dakika kumi.

Usukani ukitetemeka ukifunga breki kwenye mwendo, shuku diski za mbele. Mtetemo ukija kwenye kiti zaidi kuliko mikononi, shuku dramu zilizopoteza uduara.

Kuinua gari

Sehemu tambarare na ngumu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, nati zilegezwe kidogo kabla ya kuinua, kisha stendi za chuma chini ya fremu au ekseli. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na matofali si stendi, hata yakionekana imara namna gani, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Ukimaliza kuweka stendi, sukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Ni afadhali lianguke ukiwa umesimama pembeni.

Vumbi lililo kwenye breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, kisha ufute kwa tambara la kutupa.

Diski za mbele

Gurudumu likitoka, usifungue kitu bado. Mwambie mtu akanyage breki na kuachia, halafu zungusha diski kwa mkono. Msuguano mdogo ni wa kawaida. Ikiwa imekaza, legeza skrubu ya kutolea upepo kidogo tu. Diski ikiachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa: mara nyingi mpira wa breki umevimba ndani ukawa kama mlango unaofunguka upande mmoja, hata kama kwa nje unang'aa. Isipoachia, pistoni au pini za kalipa (kishikio kinachobana pedi kwenye diski) ndizo zilizoganda. Kipimo hiki cha sekunde kumi kimeniokoa na kalipa nyingi ambazo ningezinunua bure.

Ukifungua kalipa, ining'inize kwa waya. Ikining'inia kwenye mpira wake, mpira huumia kwa ndani na utakugharimu baadaye. Linganisha pedi za gurudumu moja. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, au kinyume chake, kuna kitu hakitelezi. Toa pini, zisafishe, uzipake grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira.

Pedi iliyobakiza milimita 3 za nyenzo ya msuguano, bila kuhesabu bamba la chuma, mimi huibadilisha. Badilisha upande wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, la sivyo gari litavuta. Diski nayo ipime kwa kalipa ya kupimia katika sehemu kadhaa. Nyingi zimegongwa muhuri wa unene wa chini kabisa, ukiandikwa kwa herufi MIN TH. Iliyo chini ya hapo haisawazishwi, hutupwa.

Unaporudisha pistoni ndani ili pedi mpya ziingie, usiyasukume mafuta machafu kurudi hadi kwenye masta silinda. Funga kijibomba kwenye skrubu ya upepo, ukielekeze kwenye chupa, fungua skrubu, kandamiza pistoni polepole, kisha funga skrubu kabla hujaachia. Mafuta meusi yanayotoka ndiyo ulikuwa unayahitaji yatoke. Pistoni yenye kutu iliyochimba mashimo haiponi kwa msasa, kwa sababu sili mpya itachanika juu ya mashimo hayohayo.

Dramu za nyuma

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na mara nyingi ni kwa sababu dramu haitoki. Hakikisha breki ya mkono imeachiwa. Ikikataa, tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu: kwenye pikapu nyingi za Japani ni ya boliti za M8. Ingiza boliti mbili, uzikaze kwa zamu robo mzunguko kila moja, na dramu itajisukuma yenyewe. Ikisogea kidogo kisha ikakwama, imechongwa mfereji na shuu (viatu vya breki vinavyobana dramu kutoka ndani) zimenasa ndani yake. Pitia tundu dogo lililo nyuma ya bamba, urudishe ajasta (kirekebishi kinachopanua shuu) kwa bisibisi mpaka shuu zisinyae.

Kabla hujagusa springi hata moja, piga picha kwa simu kutoka pembe tatu. Kisha fungua upande mmoja tu. Upande mwingine uuache ukiwa mzima mpaka umalize, uwe ramani yako. Kumbuka tu kwamba ni kama kioo: cha kulia kinaonekana kimegeuzwa kushoto. Ajasta hazibadilishani pande. Nyuzi zake huenda kinyume, na ukizichanganya, kila gari linaporudi nyuma breki zitazidi kulegea badala ya kujibana.

Kunja pembeni mipira ya vumbi ya silinda ya gurudumu. Unyevunyevu kidogo sana unavumilika; majimaji yanayochuruzika maana yake silinda imekwisha. Sasa nusa. Mafuta yenye harufu nzito ya salfa ni ya difu (gia za ekseli ya nyuma), yamepita sili ya ekseli, na shuu mpya ukizifunga kabla ya kutengeneza sili hiyo zitaloa ndani ya wiki moja. Ukikuta sili za pande zote mbili zinavuja kwa wakati mmoja, kagua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, joto huongeza presha ndani na mafuta husukumwa nje. Ni kidude kidogo mno kulaumiwa, ndiyo maana hakilaumiwi.

Shuu zilizolowa mafuta hazioshwi zikapona. Zikishaloa, zibadilishe pande zote mbili.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya breki kidogo mno kwenye vituta vya bamba ambapo shuu huteleza. Shuu zikitofautiana urefu wa nyenzo ya msuguano, kwenye mfumo ambao shuu mbili zinaegemeana chini kwa ajasta, ile yenye nyenzo fupi hukaa mbele. Rudisha dramu, panua ajasta mpaka dramu isuguane kidogo na shuu ikizunguka, kanyaga breki mara kadhaa ili shuu zijiweke katikati, kisha rekebisha tena. Kebo ya breki ya mkono ndiyo ya mwisho kukazwa. Ukianza nayo, utazibana shuu kwa kebo na ajasta haitafanya kazi yake.

Pikapu nyingi zina pia vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayohisi gari limebeba kiasi gani. Ikiganda kwa kutu, breki za nyuma huwa hafifu hata ukiwa na mzigo mzito, au magurudumu hujifunga gari likiwa tupu. Kama springi ziliongezwa jani au gari liliinuliwa, fimbo hiyo inasoma uongo na lazima irekebishwe kwa kipimo cha kitabu.

Mafuta ya breki na kutoa upepo

Soma kifuniko cha kijikopo cha mafuta ya breki; DOT ni alama ya daraja la mafuta hayo. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo, ijapokuwa DOT 5.1, licha ya jina kufanana, ni ya jamii ya DOT 3 na 4. Mafuta ya jamii hiyo hunywa unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango chake cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Mteremko mrefu wenye mzigo unaweza kuifikisha huko, na mafuta yakichemka ndani ya bomba, pedali hushuka bure. Chupa iliyokaa wazi kabatini usiitumie.

Ukishuku mtu alimwaga mafuta ya injini au ya stelingi kwenye kijikopo cha breki, chota kidogo uyatie kwenye glasi ya maji. Ya breki huyeyuka, mengine huelea. Yakielea, usikanyage breki tena. Kila mpira kwenye mfumo mzima utavimba, kuanzia masta silinda hadi silinda za nyuma, na yote itabidi ibadilishwe.

Kutoa upepo kwa watu wawili ni hivi:

1. Jaza kijikopo. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Kwenye masta silinda ya zamani, sili zimezoea kutembea sehemu moja. Ukizisukuma hadi kwenye sehemu yenye kutu, zitachanika, na utakuwa umejiletea kazi mpya.
2. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia, mara nyingi ni la nyuma kushoto. Kama vali ya mzigo ina skrubu yake ya upepo, ishughulikie baada ya magurudumu ya nyuma.
3. Chomeka kijibomba kinachopenyeza mwanga kwenye skrubu, mwisho wake uzame kwenye mafuta ndani ya chupa.
4. Msaidizi anakanyaga polepole na kusema "nimekanyaga". Wewe unafungua, mafuta yanatoka, unafunga. Ndipo unamwambia "achia". Mpangilio huu usivunjwe hata mara moja. Akiachia kabla hujafunga, hewa inavutwa kurudi.
5. Kila baada ya kukanyaga mara tano, tazama kijikopo. Kikikauka, rudi hatua ya kwanza.

Mimi niliwahi kufunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, boliti zinakaa, hakuna kinachokataa. Skrubu za upepo zikawa chini badala ya juu, na nikamwaga karibu chupa nzima huku msaidizi wangu akiuliza kama mguu wake una kosa. Upepo hupanda, tundu likiwa chini hautoki kamwe. Skrubu lazima iwe juu ya kalipa.

Mafuta yakidondokea bodi, mwagia maji mara moja, la sivyo yanababua rangi. Bomba la chuma lenye kutu linabadilishwa zima, mdomo wake ukifinywa mara mbili kwa kifaa chake. Kuunganisha kwa kipande na klempu ni kujitafutia ajali.

Kutafuta panapocheza kwenye usukani

Breki zikishakuwa sawa, shusha gari chini magurudumu yakitazama mbele. Mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwendo mfupi tu, injini ikiwa imezimwa. Wewe chuchumaa mbele ya gari ukitazama kila kiungo kwa zamu, kidole kikiwa juu yake: pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi ya stelingi), fito ya kati, aidla amu (mkono unaoshikilia fito upande wa pili), tairodi endi za ndani na za nje. Kidole huhisi kile ambacho jicho halioni. Kiungo kibovu ni kile ambacho upande mmoja unatembea kabla ya mwenzake. Aidla amu husahaulika kwa sababu haisukumi kitu, inashikilia tu, lakini bushi yake ikiisha fito nzima hupanda na kushuka na gari hutangatanga barabarani.

Inua sasa upande mmoja. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni boli jointi. Kwa kipimo cha boli jointi, jeki iwe chini ya mkono unaobeba springi au tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), ili mzigo uondoke kwenye kiungo. Ukishika kulia na kushoto badala ya juu na chini, mchezo unaoupata ni wa tairodi.

Beringi za mbele za aina ya roli za pembe hurekebishwa: kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili grisi isambae, legeza, kisha kaza tena kwa kiasi kidogo anachotaja mtengenezaji. Zilizo na madoa meusi au mikwaruzo hubadilishwa pamoja na bakuli zake.

Kubadilisha tairodi endi

Pima kwanza urefu kutoka katikati ya kiungo hadi mahali pa kudumu kwenye fito, uandike. Legeza klempu au nati ya kufungia. Chomoa pini ya kota na ufungue nati ya taji, ila iache ikishika nyuzi mbili tatu ili kiungo kisikurukie. Usipige shina kwa nyundo: nyuzi zitaharibika na halitatoka. Piga ubavu wa jicho la mkono lililoshika shina, nyundo moja ikiegemezwa upande wa pili, pigo moja la nguvu na la haraka. Mtikisiko huachanisha koni. Ukiwa na pula (kifaa cha kung'olea kiungo), bora zaidi.

Sasa fungua kiungo ukihesabu mizunguko, na ujue kwamba mwisho mmoja wa fito una nyuzi za kushoto. Funga kipya kwa hesabu ileile, kisha pima tena, kwa maana kipya kinaweza kuzidi au kupungua urefu. Nati ya taji ikifika kipimo na tundu la pini halijalingana, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Kulegeza ili pini iingie ni kosa. Pini ni mpya kila mara.

Boli jointi ni hadithi nyingine. Ile ya boliti unaweza kuifunga nyumbani; ile ya kusukumwa kwa presi, au iliyo kwenye mkono unaoshikilia springi ya koili iliyobanwa, mpelekee fundi mwenye vifaa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua.

Boksi ya stelingi

Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia, na karibu kila mtu ameambiwa aikaze. Usianze nayo. Viungo vyote vikishakuwa vizima na usukani bado unacheza kupita sentimita tatu ukingoni, weka magurudumu sawa, legeza nati, geuza skrubu sehemu ya nane ya mzunguko, funga, na ujaribu. Usukani usiporudi wenyewe katikati baada ya kona, umekaza mno; rudisha mara moja. Boksi iliyobanwa kupita kiasi huliwa katikati, halafu hairekebishiki tena. Kama mchezo uko juu, kwenye kiungo kidogo kinachounganisha shina la usukani na boksi, skrubu hiyo haitasaidia kitu.

Kupima na kujaribu

Baada ya kugusa tairodi, magurudumu lazima yapimwe kwa mashine. Ili ufike huko salama, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu. Pima umbali kati ya alama mbili, sukuma gari mbele mpaka alama zifike nyuma kwa kimo kilekile, pima tena. Tofauti itakuonyesha kama magurudumu yanakaribiana kwa mbele au yanaachana, na kitabu kitasema milimita ngapi.

Kanyaga pedali mara nyingi kabla gari halijasogea hata hatua moja. Kukanyaga kwa kwanza baada ya kufunga pedi mpya pedali huzama, na si vizuri ugundue hilo ukielekea ukutani. Jaribu kwanza kwa mwendo wa kutembea, mahali pasipo watu. Pedi mpya zizoeshe: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, kwa nguvu ya kiasi, mara 20 hivi, ukiacha mwanya zipoe, bila kusimama ukiwa umeshikilia breki.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za magurudumu kwa mpangilio wa nyota, tazama kiwango cha mafuta, na uangalie kila pini uliyopinda. Ukirudi safari, karibisha kiganja kwenye vitovu vyote vinne bila kuvigusa. Kimoja kikiwa cha moto kupita mwenzake wa upande wa pili, rudi kwenye kile kipimo cha skrubu ya upepo.